Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Mazoezi, Vyuma na Mashine ya Kasia Mjini Mtwara

Saa 11:00 alfajiri ninafungua mlango wa jimu ninakofanya kazi, si mbali na Shangani, mjini Mtwara, na kabla hata sijawasha taa zote ninapitisha kitambaa juu ya reli ya mashine ya kasia, ambayo mtu huikalia kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli hiyo na kuvuta mpini ulioungwa kwa mnyororo, kama anayepiga kasia. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hiyo ikikutana na jasho la jana hula mnyororo na kuyafanya magurudumu ya kiti yakwame. Mashine yenyewe ni ya kampuni ya Concept2, aina ya Model D, ambayo mwenye jimu aliinunua ikiwa imeshatumika kutoka kwa wageni waliokuja kwa shughuli za gesi, kisha wakaondoka. Wengi wanaoingia humu kwa mara ya kwanza huipita bila kuitazama na kwenda moja kwa moja kwenye vyuma. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba mambo haya mawili hayatenganishwi, kwa sababu miguu inayokuinua ukichuchumaa na chuma mabegani ndiyo hiyo hiyo inayokisukuma kibao cha kukanyagia cha mashine, na mgongo usioweza kujishikilia mbele ya mzigo hauwezi kujishikilia kwenye kasia pia.

Saa 12:00 asubuhi linaingia kundi la kwanza, yaani walimu, wafanyakazi wa bandari na wastaafu wachache, ambao wote wanataka kumaliza kabla ya joto. Miongoni mwao yupo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, mwenye presha inayodhibitiwa kwa dawa, ambaye nilikataa kumwanzisha mpaka aliponiletea ruhusa ya daktari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo tena unanipeleka Msimbati kwa kasia?"

Ninampa dakika 10 za kuvuta polepole, mivuto isiyozidi 20 kwa dakika, kwa kasi inayomruhusu kuendelea kunisimulia habari za meli za zamani. Akishindwa kuzungumza, ninajua amezidisha. Baada ya hapo anakaa kwenye benchi na kusimama, akiwa amekumbatia kopo la saruji kifuani, seti 3 za mara 8, huku akitoa pumzi kila anapoinuka. Kuzuia pumzi wakati wa kunyanyua mzigo hupandisha presha ghafla, kwa hiyo kwake suala la pumzi linatangulia suala la uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa siku 2 au zaidi, na kwa waliofikisha miaka 65 linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kutunza mizani ya mwili kwa siku 3 au zaidi. Watu wengi wamesikia habari ya kutembea. Hiyo sehemu ya pili, ya nguvu, haijawafikia, na kwa maoni yangu ndiyo wazee wetu wanaoihitaji zaidi.

Saa 2:00 asubuhi, samaki wakishauzwa, huja kijana mvuvi, na huyu ndiye anayenipa kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu maisha yake yote amevuta maji. Katika mtumbwi anakaa akitazama mbele, ameshika kafi, magoti yametulia, na nguvu yote inatoka mabegani na kiunoni. Mashine imetengenezwa kwa kufuata mashua za mashindano, ambamo mpiga kasia huelekea nyuma na kiti chake huteleza, kwa hiyo miguu ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Yeye akikaa tu, mikono inakunja kabla miguu haijasukuma chochote, mpini unapanda hadi shingoni, na baada ya dakika 3 anahema huku mapaja yakiwa hayajui kama kuna mazoezi yanayoendelea.

Ninamsimamisha na kuanza upya. Mbele, miguu kati ya goti na kifundo ikiwa karibu wima na mikono imenyooka, kiwiliwili kimeinama kidogo kutokea nyongani, si kwa kukunja mgongo. Kisha miguu inasukuma, mikono ikiwa bado imenyooka. Miguu ikikaribia kunyooka, kiwiliwili kinafunguka kuelekea nyuma. Mwisho kabisa mikono inauleta mpini chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, halafu magoti, na kurudi huko kuchukue muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kusukuma. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la nyonga kukimbilia nyuma huku mpini umebaki mahali pake, kwani mguu unakuwa umetumika bure, na mzigo wote unaachiwa kiuno. Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayowasumbua zaidi wapiga kasia, hata wale wa mashindano makubwa, kwa hiyo sioni sababu ya kulifumbia macho kosa hilo kwa mtu ambaye kesho anategemea mgongo huo kuvuta nyavu.

Jambo la pili kwake ni ule mkono mdogo wenye namba 1 hadi 10, ulio ubavuni mwa gurudumu la upepo, yaani lile linalozunguka mbele ya mashine mpini ukivutwa, ambao kila kijana huupeleka 10 akidhani ndiyo nguvu. Mkono huo huamua tu kiasi cha hewa kinachoingia kwenye gurudumu hilo. Ugumu wenyewe unatokana na kasi unayolipa gurudumu hilo. Ninaurudisha kati ya 3 na 5. Hapa pwani hewa ni nzito kuliko ya Mbeya au Njombe, hivyo namba ile ile huwa na uzito zaidi kidogo, ingawa mashine yenyewe hupima upinzani huo kila mara mvutaji anaporudi mbele, ili matokeo ya huku na ya kule yaweze kulinganishwa. Kisha ninamwonyesha kwenye kioo cha mashine, kinachotoa namba, hesabu ambayo naiona ni ya haki kuliko kocha yeyote: nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Anayetumia dakika 2 na sekunde 30 kwa mita 500 anatoa wati 104 hivi, na akitaka kushuka hadi dakika 2 kamili lazima atoe wati 203 hivi, karibu mara mbili, kwa nafuu ya sekunde 30 tu. Pengo hilo halizibwi kwa hasira. Huzibwa kwa miguu yenye nguvu, na ndipo ninapompeleka kwenye vyuma.

Saa 4:00 jimu hubaki tupu, nami ninakwenda kwa fundi wa kuchomelea kuchukua fito ya chuma ya kunyanyulia mizigo niliyomwagiza. Mizigo yetu mingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na kwa kuwa kopo moja halifanani na jingine, ninayapeleka kwenye mizani ya mfanyabiashara wa korosho jirani yetu, ambaye nje ya msimu hana kazi nayo nyingi, kisha ninaandika kilo juu ya kila kopo. Bila kipimo huwezi kuongeza mzigo hatua kwa hatua, na kuongeza mzigo hatua kwa hatua ndiyo msingi wa mazoezi haya. Mtu akimaliza seti 3 za mara 10 bila kuyumba, anaongezewa kilo 2 au 3, si 10.

Saa 7:00 mchana ninakula ugali wa muhogo, samaki na kunde. Vijana huniuliza unga wa protini wa madukani, nami huwajibu kwamba samaki, mayai, kunde, mbaazi na choroko za mkoa huu zinamtosha mtu anayefanya mazoezi ya kawaida, na fedha ya kopo lile ingenunua mboga ya wiki nyingi.

Saa 10:00 alasiri ni kipindi cha wanawake, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mwanamke, ndicho kilichonileta kwenye kazi hii. Kanuni ya kwanza ni ya mavazi: dera na kanga haviruhusiwi kwenye mashine ya kasia, kwani pindo huingia chini ya magurudumu ya kiti; suruali na kanzu fupi vinatosha kwa stara na kwa usalama. Kila anapoingia mgeni ninaulizwa kama chuma kitamfanya awe na mwili wa mwanamume. Sivyo, kwa sababu homoni inayojenga misuli mikubwa mwilini mwa wanawake ni kidogo mno kuliko ya wanaume, na kinachokuja kwanza ni nguvu ya kubeba ndoo na mtoto bila kiuno kulalamika. Huwaeleza pia kwamba wanawake walianza kushindana kupiga kasia kwenye Olimpiki mwaka 1976, wakipewa mita 1,000 wakati wanaume wakienda mita 2,000, na kwamba tangu mwaka 1988 umbali ni mmoja kwa wote. Muuguzi mmoja aliposikia hivyo alidai mita 2,000 siku hiyo hiyo, akazimaliza taratibu, bila kusimama.

Saa 12:30 jioni wanaingia vijana wa bodaboda na watu wa maofisini, na kelele huongezeka. Hapa ninasimamia utaratibu mmoja bila msamaha: siku ya kunyanyua chuma kutoka sakafuni, chuma kinatangulia na kasia kali inafuata, kwa sababu mgongo uliochoshwa na mita 500 mara 4 haufai kukabidhiwa mzigo mzito. Anayetaka pumzi tu anaruhusiwa kuanza na kasia. Jioni hii umeme unakatika kwa muda wa saa moja hivi. Mashine ya kukimbilia inasimama na foleni yake yote inahamia kwangu, kwani mashine ya kasia haitaki waya wowote, na kioo chake kinategemea betri mbili kubwa za tochi.

Saa 3:00 usiku ninapaka mnyororo mafuta mepesi ya injini, kwa kuwa ni siku yake ya wiki, nikijiepusha na dawa za kulegeza kutu ambazo huondoa mafuta badala ya kuyaongeza. Mwenye jimu anapita kuchukua hesabu na kuniambia anafikiria kununua mashine ya pili ya kukimbilia. Ninamfungulia daftari na kumwonyesha majina ya waliosubiri kasia wakati wa giza, kisha ninamwandikia kando bei ya mnyororo, ya kamba ya kurudisha mpini na ya betri mbili, mkabala na bili ya umeme. Anasema atapiga hesabu. Ninamwomba alichukue daftari nyumbani, mradi alirudishe kabla ya saa 11:00, kwa sababu kilo za mzee zimo humo.