Shati Lisilo na Shingo

Juzi kitinda mimba wangu alikuwa anatafuta chaja kwenye sanduku langu la zamani, akaibuka na mfuko mweusi wenye mikono miwili. "Baba, shati la nani hili? Mbona halina shingo?"

Mimi tayari nilikuwa Jambiani, pwani ya Unguja, mwaka 1997, msaidizi wa kamera wa kubeba vyuma na kupakia mikanda. Tulipiga filamu ya wanawake wa mwani. Saa yetu ilikuwa bahari: maji yakipwa unaingia, yakianza kujaa unakimbia na kamera kichwani. Na mkanda wa milimita 16, futi 400, unakupa dakika kama 11 tu.

Mwisho wa mkanda wa siku ile alikaa bibi mmoja, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba huku akiimba polepole, kama hatupo. Hakuna aliyemwambia aimbe. Kameramani alipotoa jicho kwenye kioo alikuwa anatabasamu, na yule bwana hakuwa mtu wa kutabasamu.

Kasha lenye mkanda uliokwisha kupigwa tulikuwa tunalibandika utepe mwekundu, lisifunguliwe, maana mwanga huunguza mkanda. Vidole vyangu vilijaa chumvi, utepe ukakataa kushika, nikasema baadaye. Makasha yalikuwa mawili, mapacha. Nikafungua moja juani nikidhani ni tupu.

Mkanda umo. Rangi ya chai ya maziwa, umejiviringa vizuri.

Nikafunga. Sekunde mbili, labda tatu. Nikalitia kasha kwenye mfuko ule mweusi, wa kupakilia mikanda bila mwanga kuingia, nikavuta zipu zote mbili, nikaingiza mikono hadi viwiko na kulifungua tena, safari hii gizani, kana kwamba giza lingerudisha kitu. Vidole vikapapasa mzunguko wa nje. Kwenye kasha, kilichopigwa mwisho ndicho hukaa nje. Yaani bibi. Jasho likanichuruzika puani, na huwezi kulifuta, mikono yote imo ndani.

Akapita mwenyewe, robota la mwani kichwani. Akasimama kunitazama.

"Mwanangu, wamnyonga paka humo?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Mkanda ulikwenda London kusafishwa. Baadaye ikaja faksi: mwisho umeungua. Mwongozaji akazilaani mashine za eksirei za viwanja vya ndege, watu wakaitikia kwa vichwa, na changu kikiwemo. Kurudi kumpiga bibi upya hakukuwa na fedha. Kazi yangu ya kwanza ya kushika kamera nilipewa kwa neno la yule kameramani, kwamba nina mikono ya uangalifu. Kuna siku naamini alijua. Kuna siku naona najipa umuhimu tu.

"Baba, nimekuuliza."

Nikamwambia ni shati la kunyongea paka. Akacheka sana, akaingiza mikono yake mwenyewe hadi viwiko, akapapasa, kisha akataka kujua huyo paka alikwenda wapi.