Usiku wa Machicha

Mwalimu aliyenifundisha kupanda farasi alikuwa na desturi moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliicheka kichinichini. Kila alipomweka farasi kwenye kamba ndefu ili azunguke duara, alivua viatu, akavipanga kando ya nguzo kama mtu anayeingia msikitini, kisha akasimama katikati ya uwanja kwa nyayo tupu. Alifanya hivyo hata mwezi wa Juni na wa Julai, wakati baridi ya Lubumbashi hupasua midomo na udongo mwekundu wa alfajiri huwa mgumu kama tofali. Mwanafunzi aliyepoteza mdundo wa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za farasi, ambao ni wa mapigo mawili, au wa shoti nyepesi, ambao ni wa mapigo matatu, alisahihishwa kabla mwenyewe hajatambua kosa, hata kama Mwalimu alikuwa amempa mgongo. Tulisema ana macho kisogoni.

Mwaka wa 1987 nilikuwa na umri wa miaka 14. Baba yangu alikuwa karani, na mshahara wa karani haukuweza kumlipia binti yake masomo ya farasi. Nililipa kwa kuzoa samadi, kuteka maji na kuchana singa, kwa mapatano ambayo Mwalimu aliyafanya na mama yangu mlangoni petu, Kamalondo, bila kumuuliza mtu mwingine yeyote. Farasi niliyekabidhiwa aliitwa Shaba, kwa ajili ya rangi yake, na kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina la mkoa wetu wakati ule.

Kiangazi kile majani yalikuwa yamekauka mapema, na mbavu za Shaba zilianza kuhesabika. Jirani yetu alikuwa akifuga nguruwe kwa machicha ya bia. Niliomba ndoo moja, nikaibeba kichwani hadi mazizini, nikampa Shaba yote kwa siri. Yalikuwa yamekaa siku kadhaa juani na yalinuka uchachu, lakini aliyala mpaka akalamba ndoo, nami nikaona nimetenda wema.

Jioni ile ile alianza kupara ardhi kwa kwato ya mbele. Aligeuza shingo akalitazama tumbo lake, akalala, akainuka, akalala tena akitaka kujiviringisha, na jasho likamtoka shingoni ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Farasi hawezi kutapika. Kikimwingia kitu kibaya hakirudi kilikopitia, na kikichachuka ndani, gesi hulivimbisha tumbo, na utumbo ukijipinda mnyama wa kilo 500 anaweza kufa kabla ya kupambazuka. Daktari wa mifugo alikuwa safarini Likasi. Mwalimu alifika na kandili, akabonyeza vidole viwili chini ya taya la Shaba, akaitazama saa yake. Mapigo ya farasi aliyetulia hayazidi arobaini na kitu kwa dakika. Yeye alihesabu 64. Alinipa kamba, akasema tutembee, wala nisimwache ajiviringishe.

Tulitembea, yeye mbele na kandili, mimi nyuma na farasi. Kwa mbali, upande wa kiwanda, taka za tanuru zilikuwa zikimwagwa zikiwa moto, na anga lilikuwa jekundu kama lilivyokuwa kila usiku katika utoto wetu. Nilishindwa kuvumilia. Nikauambia mgongo wake kila kitu: jirani, ndoo, uchachu. Hakugeuka, hakupunguza mwendo, hakusema neno. Sijawahi kuadhibiwa kwa ukali kama nilivyoadhibiwa na mgongo ule. Nilitamani anipige.

Tulipokamilisha mizunguko kadhaa alisimama, akanielekeza kwenye ubavu wa kulia wa Shaba, juu, pale penye shimo kati ya mbavu za mwisho na nyonga. “Mama, weka sikio hapa. Uniambie unasikia nini.”

Nilidhani ananipima, maana kupima ilikuwa tabia yake. Ngozi ilikuwa na unyevu na ilitetemeka shavuni mwangu. Tumbo la farasi mzima halinyamazi. Upande ule, mara moja hivi kwa kila dakika moja au mbili, husikika mmiminiko mrefu, kama maji yanayoshuka ndani ya bomba la mvua. Nilisubiri. Hapakuwa na kitu.

“Kimya, Tata.”

“Basi twende tena.”

Ndipo king'ora cha kiwanda kilipolia kubadili zamu. Kila mtu wa Lubumbashi alikijua king'ora kile. Mama zetu walipikia kwacho, mbwa wa mtaa wetu walibweka nacho. Kililia mpaka mwisho, Shaba akatega masikio, kisha Mwalimu akainua kandili, akaisogeza saa yake kwenye mwanga na kuuliza, akinitazama midomo:

“King'ora bado hakijalia?”

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nikizikumbuka nyayo zake juu ya udongo. Kisha nikazunguka mbele yake, nikasimama pale mwanga uliponiangukia usoni, nikaungama mara ya pili, polepole, neno kwa neno. Kuungama mara ya pili ni kugumu zaidi, kwa kuwa sasa unajua jinsi maneno yenyewe yanavyosikika.

“Ndoo nzima au nusu?” aliuliza.

“Nzima.”

“Basi tutatembea mpaka asubuhi.”

Tulitembea, na kila tuliposimama ili nisikilize, alinisimulia kipande cha maisha yake. Alikuja Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, kutoka Kasenga akiwa mtoto, akaajiriwa kuzoa samadi kama mimi, ila yeye alikatazwa kupanda. Alijifunza gizani, bila tandiko, alipokuwa akiwapeleka farasi kunywa maji kabla wenyewe hawajaamka. Mwaka wa 1960, wengi wa wenye farasi walipoondoka kwa haraka, mtu pekee aliyebaki ambaye wanyama wale walimkubali alikuwa yeye. Baadaye farasi walipungua na mshahara ukakoma, akaenda kufanya kazi miaka 11 kwenye karakana ya kufulia chuma. Aliporudi mazizini, masikio yalikuwa yamebaki kule. “Miguu sikuwaachia,” alisema, akacheka.

Kulipokaribia kupambazuka niliweka tena shavu ubavuni. Kwanza ulikuja mguno mdogo, kisha mmiminiko mrefu. Nilimwinulia Mwalimu mkono. Alibandika kiganja chake pale pale sikio langu lilipokuwa, akangoja hadi ulipokuja mwingine, na midomo yake ikawa inahesabu. Haukupita muda Shaba akainua mkia. Mwalimu aliliokota donge moja la samadi lililokuwa bado likifuka moshi, akalivunja kwa vidole, akalinusa, akanipa ninuse na mimi. Lilinuka bia.

Jumanne iliyofuata palikuwa na somo kama kawaida, na wanafunzi wengine walikuwa wamejipanga kwenye ua wakingoja kucheka. Mwalimu alipovua viatu, nilivichukua mimi, nikavipanga kando ya nguzo.