Kababu zangu: Jumapili ya sita

Mradi huu ulianza kwa aibu. Wageni wamekaa sebuleni, mimi jikoni natumbukiza kababu kwenye karai zikiwa duara safi, zinatoka makombo. Nikazimwaga zote kwenye mchuzi wa nyanya nikasema ndivyo nilivyokusudia. Hakuna aliyeamini. Tangu hapo kila Jumapili napika kababu na kuandika kilichotokea.

Jumapili mbili za mwanzo zilipasuka. Nikadhani dawa ni yai, nikaongeza la pili, nyama ikawa haishikiki mkononi. Ya tatu nikatia papai bichi kwa mazoea ya mishikaki. Kosa kubwa. Utomvu wa papai huvunjavunja nyama, na kwa pande gumu la mshikaki hiyo ni neema. Nyama iliyokwisha kusagwa haina tena cha kulainishwa. Tulikula kitu kama uji wa kukaanga.

Aliyenifumbua macho ni shangazi wa mke wangu, anakaa Ngamiani. Nilimpelekea kababu nne kwenye kibakuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kitunguu ulikikamua?"

Sikukikamua. Kitunguu maji kikikunwa kinatoa maji tele, maji yakikuta mafuta ya moto yanakuwa mvuke, na mvuke lazima upate pa kutokea. Wiki tatu za mahangaiko, kumbe kitunguu!

Ninavyofanya sasa: nusu kilo ya nyama ya kusaga, na buchani nasisitiza isagwe na mafuta yake kidogo maana steki tupu inakauka. Chumvi kijiko kimoja cha chai inatangulia, nakanda nyama peke yake mpaka inate vidoleni. Hiyo ndiyo gundi yenyewe. Ndipo vitunguu viwili vilivyokamuliwa kwa kitambaa, slesi moja ya boflo iliyolowekwa na kukamuliwa pia, yai moja tu, thomu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga na kotmiri. Inakaa kwenye friji nusu saa. Zinatoka kababu kumi na nane, kila moja kama ndimu. Moto wa wastani, kwa mafungu, kwani karai likijaa mafuta yanapoa na kababu zinayanywa. Moja naipasua kabla ya kuepua: nyama ya kusaga haifai kuliwa ikiwa na wekundu ndani.

Leo haikupasuka hata moja. Basi vita vimehamia kwenye sinia: ziliwe na nini?

Nyumbani wote walitaka wali wa nazi. Nikakuna nazi mbili, tui jepesi likapikia mchele, kasimile nikalitia mwishoni. Wali peke yake, mtamu. Kababu peke yake, tamu. Pamoja, kila mtu alikula tatu akaegemea ukuta. Mafuta juu ya mafuta. Chipsi zilikuwa na kasoro hiyohiyo wiki iliyopita. Mkate wa kumimina ni chaguo la mke wangu, na hapo tutakubaliana kutokubaliana: sukari na thomu mdomoni kwangu hapana.

Kababu inataka kitu kikali pembeni. Hata Waswidi, ambao zao huzila na viazi na mchuzi wa krimu, huweka jamu ya tunda dogo chachu. Sisi tuna ukwaju, tuna embe mbichi, tuna ndimu. Leo nimechemsha mihogo, nikasaga chatne ya nazi kwa pilipili mbichi, thomu, chumvi na ndimu mbili. Pembeni kachumbari ya matango niliyochanganya na vipande vya chungwa la Muheza, jambo lililomfanya mwanangu aniulize kama naumwa. Akaonja. Bakuli likarudi jikoni tupu.

Mihogo imeshinda. Haina mafuta, inabeba chatne, na ukiimega inaokota makombo ya kababu yaliyobaki kwenye sahani.

Jumapili ijayo wanarudi walewale wageni wa makombo. Mke wangu kashikilia wali wa nazi, mimi mihogo na chatne. Nazi za yote mawili zipo, lakini mbuzi ya kukunia ni moja, na mkunaji ni mimi.