Leo nimeyashusha masanduku

Jumapili jioni, mwezi wa Julai, na jua halijaonekana hapa Buruburu, Nairobi, tangu Jumatano. Nimenawa mikono mara mbili lakini bado inanuka maranda na kinyesi cha makinda. Mchana nimeyashusha masanduku yote manne ya kutagia ndege wangu, nikayakwangua, nikayamwagia maji yanayochemka, na sasa yameegemea ukuta wa jikoni yakikauka. Hayatarudi bandani hadi Oktoba, mvua za vuli zikikaribia.

Neema, binti wa jirani, alikuwa amepanda ndoo upande wa pili wa ukuta kama kawaida yake. Alinitazama nikilitoa sanduku la tatu, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Anti, mbona unawavunjia nyumba?"

Nikamwambia mama zao wamechoka. Hilo lilikuwa jibu la haraka. Jibu lenyewe naliandika hapa, kwa sababu wengi jijini siku hizi wanawafuga ndege hawa, na mimi nilipoanza hakuna aliyeniambia.

Ndege wangu ni bajerigari, kasuku wadogo wa Australia, kila mmoja gramu 30 hadi 40. Watoto wa mtaa wamewafupisha, wanawaita baji. Kwao porini wote ni kijani na manjano. Hawa wa buluu na weupe ni kazi ya wafugaji, tangu John Gould alipowafikisha wakiwa hai Uingereza mwaka 1840. Nina 19. Wanaishi nyuma ya nyumba, kwenye banda la urefu wa mita tatu, waya wake ule wa kofitrei wenye matundu madogo ambayo hata panya mtoto hapenyi. Waya ukiwa mpya niliusugua wote kwa siki na brashi, kwa kuwa ule unga wa zinki ulioko juu yake ni sumu kwa ndege anayetafunatafuna. Nusu ya paa ni mabati, nusu ni waya mtupu wa kupitisha jua. Mwewe hupita juu kila siku, na wakimwona tu, banda zima linakuwa kimya kama msikiti saa sita usiku.

Marehemu baba yangu alifuga njiwa Likoni, Mombasa, na kwa ajili yake nilidhani ndege ninawajua. Njiwa wake walitaga walipotaka, wakaacha walipotaka. Nikawafanyia hawa vivyo hivyo.

Mwaka jana nilikuwa na jike nikimwita Zamaradi. Kijani iliyokolea, mpole, mama hodari. Januari alitaga mayai sita, akaangua matano. Bajerigari hutaga yai moja kila baada ya siku moja, na kila yai huatamiwa siku 18 hivi, kwa hiyo makinda hawatoki pamoja. Wa kwanza anaanza kuota manyoya wakati wa mwisho bado ni kinyama chekundu kipofu. Hukaa sandukuni kama wiki tano. Wa mwisho wa Zamaradi hajatoka sandukuni, na yeye alishaanza kutaga tena. Matano. Kisha tena matano. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu kwa fahari, na tayari watu watatu walikuwa wananingojea niwape ndege.

Ilipofika Julai baridi ikaingia. Nikaogopa watakufa kwa baridi, nikaliziba banda kwa turubai pande tatu na juu. Nikajiona nimewatunza.

Ijumaa moja jioni nikamkuta sakafuni, kwenye kona. Jike wa bajerigari hakai sakafuni jioni. Jioni kila mmoja hugombania fito ya juu. Alikuwa amejivimbisha manyoya hadi akawa mviringo kama mpira wa soksi, miguu yote miwili ameitanua, na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Nikamshika. Chini ya tumbo kidole changu kilihisi yai, na lilibonyea. Ganda lilikuwa laini kama karatasi nene iliyolowa.

Nilimtia katika katoni ya viatu, nikamwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, na taa ya mezani juu. Joto la kama nyuzi 30 husaidia misuli ilegee. Daktari wa mifugo niliyempata kwa simu saa tatu usiku alinisihi nisilibinye yai wala nisijaribu kulivuta, maana likipasukia ndani basi, na akasema nimpeleke alfajiri amdunge kalsiamu. Nilikaa naye jikoni. Saa kumi alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Kulikucha hayupo.

Huyo daktari ndiye aliyenieleza, na maelezo yake nimeyachukua kama deni. Kila ganda la yai ni kalsiamu. Jike asipoipata kwenye chakula, mwili wake huinyofoa mifupani mwake mwenyewe. Misuli inayolisukuma yai nayo inahitaji kalsiamu hiyo hiyo ili ikaze. Na hata akila kiasi gani, bila vitamini D ambayo ngozi yake huipata kwa jua, kalsiamu hiyo haimfai kitu. Sasa hesabu: mayai 16 tangu Januari, anga la Nairobi la Julai linaloweza kufunga wiki nzima, huku tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na usiku unauma, na juu ya hayo turubai langu.

Lakini kilichonikaa zaidi ni jambo jingine. Kwao Australia, bajerigari huzaliana mvua ikinyesha na nyasi zikitoa mbegu. Ukame ukirudi wanaacha, wanahama. Hapa kwangu mvua yao ni mimi. Bakuli limejaa kila asubuhi, sanduku liko pale pale, na karibu na ikweta mchana una saa kumi na mbili Januari kama ulivyo Julai. Hakuna kinachowaambia inatosha. Zamaradi hakuwa na namna ya kujua kwamba msimu umeisha, kwa sababu mimi sikuumaliza.

Tangu hapo, jike hapati zaidi ya mizao miwili kwa mwaka, na hagusi sanduku kabla hajatimiza mwaka mmoja. Wanaonisihi niwape ndege wanangoja.

Turubai sasa linafunika upande wa upepo tu, na hufungwa usiku. Chupa ya maji moto nayo iko tayari, ila sijaihitaji tena. Shangazi yangu wa Likoni hunitumia ile mifupa myeupe, myepesi, ya ngisi, ambayo mawimbi huitupa ufukweni. Nailoweka maji baridi siku kadhaa nikiyabadilisha, chumvi itoke, kisha naining'iniza kwenye waya. Majike huikwangua kwa bidii wakikaribia kutaga, na madume wala hawaitazami. Mara mbili kwa wiki wanapata yai la kuku lililochemshwa, nimelipondaponda na ganda lake.

Chakula cha kila siku nakinunua Nyamakima, wimbi na mawele kwa kilo, nachanganya na mbegu za kanari kutoka dukani ambazo bei yake inaniumiza. Mbegu tupu hazitoshi, huwanenepesha na kuwanyima mengi. Sukuma wiki, dania, karoti iliyokunwa, na mahindi mabichi yakiwa msimu, haya ndiyo yanayowapa makinda nguvu. Ovakado kamwe. Nairobi hii ambayo kila mtu ana ovakado mezani, inabidi niwakumbushe wageni kila mara: ina sumu inayoua ndege. Moshi wa jiko la makaa pia, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikipitiliza moto, unaweza kumaliza ndege waliomo ndani kwa dakika chache.

Kuhusu masanduku, mwanzoni fundi alinitengenezea yenye sakafu bapa, kwa sababu sikumwelekeza. Kinda mmoja alikua miguu imetanuka pande kama ya chura, hakuweza kushika fito maisha yake yote. Sasa kila sanduku lina sakafu iliyochongwa shimo la duara kama kibakuli, mayai yakusanyike na makinda wawe na cha kujizuia. Na yote hupachikwa kimo kimoja. Likiwepo moja la juu zaidi, majike watalipigania hadi damu.

Ndege mgeni hukaa peke yake chumba cha juu siku 30 kabla ya kuwaona wenzake. Nilianza hivyo baada ya kununua dume kando ya barabara, mzuri wa kupindukia, kumbe alikuwa na utitiri wa usoni, ule unaouotesha mdomo magamba kama chaki.

Mwaka huu Ndimu ndiye amezaa zaidi. Wa manjano, macho meusi, mkali. Mzao wa kwanza makinda watano, wa pili wanne. Siku ya sita ya kila yai nilikuwa nikilimulika kwa tochi ya simu. Yai tupu huangaza manjano lote, lenye uhai lina vishipa vyekundu vinavyotawanyika kama mizizi, na katikati kitone kinachopiga. Hilo sijalizoea na sitaki kulizoea. Kinda wa mwisho ametoka wiki mbili zilizopita na anakula mwenyewe, ingawa bado anamfuata baba yake akilalamika alishwe. Na jana nilimwona Ndimu akiingia na kutoka tena sandukuni, anatafuna mlango, ile nyama ya juu ya mdomo penye pua imekuwa kahawia iliyokolea. Hajataga bado. Ndiyo maana ikabidi iwe leo.

Nilipoliondoa sanduku lake alirudi pale pale akashika waya. Akaukwaruza mahali palipokuwa na mlango. Akaruka, akazunguka, akarudi. Robo saa nzima. Neema aliyaona yote kutoka kwenye ndoo yake.

"Anti, anatafuta."

"Anatafuta, mwanangu."

Alikaa kimya, kisha akaniuliza Oktoba ni lini, akahesabu vidole mwenyewe kabla sijajibu. Nikamwomba tawi bichi la mpera, akalipitisha juu ya ukuta, nikalifunga sehemu ile ile ya sanduku. Ndimu alilitazama kwa jicho moja muda mrefu, kisha akaanza kulimenya ganda.

Ni saa tatu sasa. Nimetoka na tochi nimeifunika kiganja ili nisiwashtue. Kwa miezi mingi Ndimu amelala ndani ya sanduku. Usiku huu yuko kwenye fito ya juu, kinda wake mdogo kambana upande wa kushoto. Kichwa amekigeuza nyuma, mdomo ameuzika mgongoni, na amesimama kwa mguu mmoja.