Gundi Juu ya Gundi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kiti chenyewe nilikinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, shilingi elfu nane. Ni kiti cha mninga, cha mezani, kilichopakwa rangi nyeupe ya mafuta na mtu ambaye bila shaka hakujali chini yake kuna mti gani. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unacheza. Binti yangu wa miaka tisa yuko likizo na katuni zimemwishia, nikamwambia hii ndiyo kazi yetu. Mimi si fundi. Niliwahi kujenga banda la kuku, na kuku walilikataa.

Jumamosi ya kwanza nikaona upenyo kwenye kiungo, nikamimina gundi nyeupe ya mbao, nikabana, nikafuta iliyomwagika. "Umeona?" nikamwambia mtoto. Akaona. Jumanne shemeji yangu, mtu wa mwili, akakikalia. Sikumwambia lolote, maana nilitaka kujisifu akishainuka. Hakuinuka, tulimwinua.

Fundi mmoja wa Keko ninayemfahamu alikitazama kile kiungo nusu dakika tu, akasema, "Umegundisha gundi na gundi. Mti hujaugusa." Gundi ya mbao, akaeleza, hushika kwa kuzama kwenye vitundu vidogo vya mti. Ya zamani ikikauka inaviziba, kwa hiyo mpya hubaki juu juu, ikionekana imeshika, mpaka ije siku ya uzito. Akatuonyesha na misumari, mitatu ndani ya kiungo kimoja, kila mmoja umepigwa na mtu aliyeona kiti kinacheza na hana muda. Wa tatu ulikuwa umeupasua ule ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu la mguu.

"Kwa hiyo waliokuwa wanakitengeneza ndio waliokivunja?" mtoto akauliza.

Fundi akacheka. Mimi sikucheka sana.

Ndipo kazi ikaanza. Misumari tukaing'oa kwa koleo, mmoja mmoja. Kiungo tukakitenganisha kabisa, na hapo binti yangu akanuna: kiti kilichokuwa na kasoro ndogo sasa kimelala sakafuni na mguu wake kando. Tukafunga vitambaa vya siki ya moto juu ya gundi ya zamani ili ilainike, kisha yeye na mswaki mkuukuu, mimi na kisu, tukakwangua. Siku mbili. Rangi niliitoa mwenyewe, nikiilowesha kwanza, yeye akiwa ndani, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Msasa nilimwachia baadaye, na barakoa yake, namba 80 kisha 120, akifuata nyuzi za mti. Ile hudhurungi yenye wekundu ilipojitokeza alipiga kelele mpaka watu wa nyumba ya pili wakachungulia. (Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Nilimwambia hilo, nikajizuia nisiligeuze mahubiri. Mtoto naye aachwe ashangae tu.)

Usiku wa ile siki nilikuwa nasoma Waefeso 4:16, "mwili wote ukiungamanishwa na kushikanishwa kwa msaada wa kila kiungo." Miaka yote nimeusoma mstari huo nikiwaza mifupa. Safari hii nikaona kiti. Halafu nikakwama kwenye neno "ukiungamanishwa", likanipeleka Yakobo 5:16: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Kuungama. Kuungamana. Kama maneno haya ni ndugu wa damu au yamefanana sura tu, hilo nawaachia wajuzi wa lugha. Usiku ule yalikaa benchi moja.

Maana tunajua tunavyoombana radhi kanisani. "Mpendwa, kama kuna mahali nilikukwaza, unisamehe." Kama. Mahali penyewe hatupataji. Naye anajibu, "Aa, yamekwisha hayo," tunakumbatiana, watu wanasema amina, na tunarudi kukaa safu mbili tofauti. Au ndugu wanaitwa kikao, wazee wanasema shikaneni mikono hapa hapa mbele yetu. Huo nao ni msumari. Sisemi wazee wasikae. Nasema nyundo ina haraka kuliko siki.

Galatia 6:1 inasema juu ya aliyeghafilika katika kosa, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole." Kitenzi cha Kiyunani kilicho hapo ndicho kilicho pia katika Marko 1:19, Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Aliyewahi kumtazama mvuvi akishona wavu anajua: huketi chini, hulitafuta tundu kwa vidole, na hukata nyuzi zilizochakaa kabla hajafunga mpya.

Mimi na kaka yangu tumepatana mara mbili. Mara zote mbili nilitumia lile "kama". Jambo lenyewe ni fedha ya matibabu ya mama, niliyosema nimeshaituma na nilikuwa sijaituma. Yeye akakopa. Hajawahi kulitaja, nami sijawahi.

Ninaandika haya Jumamosi jioni. Ulimi uliopasuka tuliutia gundi kwanza, ukalala umefungwa uzi, na leo mchana umerudi tunduni, mti mtupu kwa mti mtupu. Vibanio hatuna, kwa hiyo tumezungusha mpira wa tyubu ya baiskeli tukiuvuta kwa nguvu, binti yangu akiwa ameukanyaga mwisho wake. Saa 24, amesema fundi. Kiko sebuleni na karatasi imebandikwa: USIKALIE. KINAUNGANA. Vanishi ni wiki ijayo.

Saa kumi nilimpigia kaka yangu, hakupokea. Nikamwandikia kwamba ni kuhusu ile fedha ya mama, kwamba sikuituma siku niliyosema, na kwamba nilijua. Tiki mbili zimeshakuwa za bluu.