Kesho ya Farao

Katika pigo la vyura kule Misri, vyura walikuwa vitandani, walikuwa kwenye majiko ya mikate, walikuwa hadi ndani ya vyombo vya kukandia unga. Musa akampa Farao nafasi ya kuchagua mwenyewe: unataka waondolewe lini? Mtu yeyote anayelala na vyura angesema sasa hivi, tena kwa kupiga kelele. Farao akasema, "Kesho." Iko Kutoka 8:10, na huwa tunaipita haraka tukikimbilia Bahari ya Shamu.

Jibu hilo linaeleza ukaidi kuliko mahubiri mengi. Tumezoea kumfikiria mkaidi kuwa mtu wa kukunja uso na kusema sitaki. Wapo, na kwa kweli hao ni rahisi, maana wanajulikana. Katika mfano wa wana wawili (Mathayo 21:28–31) aliyesema "sitaki" ndiye aliyeishia shambani na jembe, na mwenye adabu, aliyeitikia "naenda, bwana", ndiye aliyebaki nyumbani. Ukaidi wa kanisani kwa sehemu kubwa ni wa huyu mwenye adabu. Anaimba kwaya, anatoa zaka, zamu ya usafi Jumamosi haikosi, na kuna jambo moja ambalo dhamiri imemgongea miaka mitatu na hajaligusa.

Farao naye hakukataa tu. Alipatana bei juu ya kuwaachia Waisraeli. Ukizisoma sura za 8 hadi 10 kwa mkupuo mmoja utaona anapandisha kidogo kidogo kama mnunuzi asiyetaka kutoa pochi. Kwanza: mtoleeni Mungu wenu sadaka, lakini humu humu nchini (8:25). Kisha: haya, nendeni jangwani, ila msiende mbali sana (8:28). Nzige walipotajwa: waende wanaume watu wazima peke yao (10:11). Baada ya giza la siku tatu: chukueni hata watoto, kondoo na ng'ombe wabaki (10:24). Musa akamjibu kwamba hata ukwato mmoja hautabaki nyuma.

Ofa hizo nne bado ziko sokoni. "Humu humu" ni ya yule aliyeacha pombe lakini kila jioni yuko kilabuni na wenzake wale wale, anakunywa soda. Miezi miwili anaweza, wa tatu hawezi. "Msiende mbali" ni ya mtu aliyevunja uhusiano usiofaa lakini namba ya simu bado ipo, imehifadhiwa kwa jina la Fundi Bomba. Hajarudi, ni kweli, ila njia ya kurudi ameifyeka vizuri. "Wanaume tu" ni dini inayoishia mlangoni kwa mwenyewe, watoto hawajawahi kumsikia baba akisema nisameheni. Na "mifugo ibaki" ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo kila kitu kingine kimeshatolewa na mtu anajiona yuko sawa mbele za Mungu. Amewasamehe ndugu zake, wanasalimiana, Krismasi wanakula pamoja. Hati ya shamba la marehemu baba bado iko kabatini kwake.

Kwa hiyo mtu akisema anataka kushinda ukaidi, asianze kwa kuomba "Bwana nivunje". Aanze kwa kuuliza ni ofa gani ameiweka mezani.

Chukua karatasi na uandike sentensi moja. Sentensi moja tu, yenye mtu ndani yake na kitendo ndani yake. "Nina kiburi" haifai, kwa sababu haitekelezeki. Hakuna siku utaamka ukasema leo kiburi nimekimaliza. "Sijamrudishia dada sehemu yake ya kodi ya nyumba tangu Januari" inafaa. "Sitaki kuongea na mzee wa kanisa aliyenirekebisha mbele ya watu" inafaa. Ukiandika sentensi tano, zisome na utazame ni ipi inayokutia joto usoni. Anza na hiyo. Chini yake andika ofa yako: niko tayari kufanya nini badala ya hilo? Mara nyingi jibu linatoka haraka mno, na linaaibisha.

Halafu sala. Yesu huko Gethsemane aliomba mara tatu, na kila mara alisema kwanza anachotaka yeye: kikombe hiki kiniepuke. Ndipo ikaja "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Sehemu zote mbili zinahitajika. Anayeruka ya kwanza anasalimisha kitu ambacho hajakitaja, na jambo lisilotajwa hurudi usiku. Anayeishia kwenye ya kwanza anampa Mungu maagizo tu. Sema kwa sauti, kwa lugha unayogombania nyumbani, kile hasa unachotaka: sitaki kuonekana mjinga, nataka yeye aanze, naogopa nitabaki bila kitu. Dakika kumi zinatosha. Kisha sentensi ya pili, fupi. Kama haitoki leo, rudi kesho. "Kesho" hii si ya Farao, maana unarudi kuomba, hauahirishi kutii.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu neno ukaidi linatumiwa vibaya sana kwetu. Kuuliza si ukaidi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini uondolewe. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi, na Mungu akasema wanenavyo ni haki (Hesabu 27). Mitume waliambiwa na viongozi wa dini wanyamaze, wakajibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29). Mke anayepigwa akiondoka nyumbani kuokoa maisha yake hajawa na shingo ngumu. Muumini anayekataa kuuza kiwanja ili atoe "sadaka ya kujimaliza" aliyoamriwa na nabii wa juzijuzi hajamwasi Mungu. Kipimo ninachokiamini ni hiki: agizo la Mungu linaloonekana wazi katika Maandiko halimnufaishi yule anayekuletea. Nabii Nathani hakupata hata ng'ombe mmoja kwa kumkemea mfalme Daudi. Nabii Elisha alikataa vyote alivyobeba Naamani, yule jemadari aliyeponywa ukoma, talanta kumi za fedha na vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi, na mtumishi wake Gehazi aliyevikimbilia akarudi na ukoma.

Naamani mwenyewe anatufaa kwa jambo lingine. Alikuwa tayari kwa kitu kikubwa, na kilichomshinda ni kidogo: kujichovya mara saba katika Yordani wakati mito ya Dameski ni mizuri zaidi. Watumishi wake ndio waliomwokoa kwa hoja rahisi, kwamba kama ungeambiwa ufanye jambo kubwa usingelifanya? Watu wengi wako radhi kufunga siku arobaini ili wasipige simu moja ya dakika tatu. Na kufunga kwa namna hiyo hugeuka mgomo wa kula: mtu anashinda njaa ili Mungu abadilishe mawazo. Isaya 58 inawasema watu wa aina hiyo, wanaofunga huku wanagombana. Kama utafunga, funga mlo mmoja au hadi jioni, kunywa maji, na uitumie ile nafasi ya chakula cha mchana kufanya kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Mwenye kisukari, mjamzito na anayetumia dawa za kila siku amuulize daktari kwanza.

Tendo la kwanza lifanyike ndani ya saa ishirini na nne. Sababu iko Kutoka 8:15: Farao alipoona pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito. Nafuu ndiyo hatari. Ahadi nyingi hutolewa kitandani hospitalini na dripu ikiwa mkononi, na hufa kabla bili haijalipwa. Tendo lenyewe si lazima limalize jambo. Kufuta namba ya Fundi Bomba ni tendo. Kutuma ujumbe wa "naomba tuonane Alhamisi saa kumi na moja" ni tendo, kwa sababu sasa yupo mtu mwingine anayeijua Alhamisi.

Ndiyo maana ya kuwa na shahidi. Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, walikuwa wakali kwa hili. Hao ndio waliotuachia neno walokole, kutoka Kiganda, na usemi wa kutembea nuruni. Walikutana mara kwa mara, wakataja dhambi kwa majina yake, wakarudisha vitu walivyoiba. Palikuwa na makosa pia. Kukiri hadharani kuligeuka mahali pengine kuwa mashindano, na watu walitaja mambo yaliyovunja nyumba za wengine. Nadhani kanuni salama ni kwamba upana wa kukiri ulingane na upana wa kosa. Kosa kati ya watu wawili liishie kwa hao wawili na shahidi mmoja. Lililofanywa mbele ya kanisa liombewe radhi mbele ya kanisa. Jina la mtu wa tatu halitajwi madhabahuni hata kidogo.

Shahidi awe wa jinsia yako, asiwe chini yako kikazi, asinufaike na uamuzi wako, na awe mtu ambaye hujawahi kusikia siri ya mwingine kutoka kinywani mwake. Hilo la mwisho linaondoa karibu nusu ya orodha. Mpe sentensi yako na tarehe yako, na umruhusu akuulize swali moja tu: umefanya? Akianza kukuhurumia kuliko wewe unavyojihurumia, tafuta mwingine.

Sasa kuomba radhi, ambako wengi huteleza wakiwa wamekaribia kabisa. Mfalme Sauli ni mwalimu mzuri wa jinsi ya kukosea (1 Samweli 15). Alianza kwa kutangaza kwamba ameitimiza amri ya Bwana ya kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao, na nabii Samweli akamuuliza, basi hiki kilio cha kondoo ni cha nini? Kisha akasema ni watu waliowaacha hai. Kisha wameachwa kwa ajili ya dhabihu, yaani ukaidi ukavikwa joho la ibada, na hapo ndipo linakuja lile jibu la kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Mwishowe akasema nimekosa, na ndani ya pumzi ile ile akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Toba na ombi la heshima haviendi pamoja. Ukienda kuomba radhi huku moyoni una matarajio ya kusifiwa kwa unyenyekevu, afadhali usubiri hadi jioni.

Maneno yenyewe yawe machache. Nilifanya hivi. Lilikuumiza hivi. Nilikosea. Nitarekebisha hivi, kufikia tarehe fulani. Naomba unisamehe. Usiseme "kama nilikukwaza", maana unajua ulimkwaza. Usiseme "lakini", hata kama lakini yako ni ya kweli; ina siku yake. Usimwambie "Mungu ameniambia nije", kwa sababu unamnyang'anya nafasi ya kukataa. Kwa mkubwa wako au mkwe, fuata taratibu za heshima za nyumbani, mtangulize mtu kama ndiyo desturi, ila maneno ya kosa yatoke kinywani mwako, yule mjumbe asikusemee. Ujumbe wa maandishi utumike kuomba nafasi ya kuonana, si kuomba radhi. Hao wa vinote vya sauti vya dakika saba nao waambiwe.

Penye mali, sheria ya Hesabu 5:7 inasema rudisha chote na uongeze sehemu ya tano. Zakayo alijitoza mara nne, ila yeye alikuwa na uwezo. Sehemu ya tano inatekelezeka. Ulichukua shilingi 200,000 za kikundi, ongeza 40,000, inakuwa 240,000. Huna kwa mkupuo? Gawanya kwa miezi minne, 60,000 kila mwezi, siku ile ile unayopokea mshahara na kabla hujanunua chochote. Andikeni, mtie sahihi wote wawili, shahidi abaki na nakala. Lipa kwa njia inayoacha rekodi ya simu au benki. Kinachoharibu mpango huu ni awamu ya kwanza kuwa kubwa kupita uwezo, kwa sababu ya machozi ya siku ile. Mwezi wa pili mtu anakwama, wa tatu anaanza kukwepa simu, na sasa ana madeni mawili. Kama kosa linaweza kufika polisi au kumfukuzisha kazi, aongee na mwanasheria kabla ya kwenda, ajue anaingia wapi, halafu aende.

Aliyekosewa anaweza kukataa kukusamehe. Ana haki hiyo, na wewe deni la kulipa bado unalo. Anaweza kuchukua fedha na asikutazame usoni. Endelea kutuma kila mwisho wa mwezi bila maelezo ya ziada. Na kama alishafariki, mtafute mrithi wake; Hesabu 5:8 ililiona hilo mapema, ikasema asipopatikana jamaa wa karibu, malipo yaende kwa Bwana kupitia kuhani. Usibaki nayo wewe.