Siku Moja na Vumbi la Barabara ya Morogoro

Saa 12 asubuhi niko Ubungo, foleni imekwisha kufunga, na moshi wa malori yaendayo bara umetanda kabla jua halijapanda. Mimi ni mtu wa maabara, napima risasi, ile metali yenye sumu, kwenye vumbi la barabarani, lakini vumbi huchukuliwa mapema, kabla wenye vibanda hawajamwagia maji mbele ya biashara zao. Nachota udongo wa juu tu, sentimita 2, kwa kijiko cha plastiki, kwa kuwa kijiko cha chuma kinaweza kuacha metali zake ndani ya sampuli.

Wapita njia huniuliza kwa nini ninahangaika na risasi ilhali petroli yenye risasi haiuzwi tena. Ni kweli: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar mwaka 2001 kuiondoa, zikafikia lengo hilo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha kwenye magari, Julai 2021. Hata hivyo risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Ile iliyotoka kwenye ekzosi kwa miongo kadhaa imekaa palepale kando ya lami, na magari yanapopita huitimua upya.

Saa 2 nafika kwa mama anayeuza mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mchanga tena?"

Mjukuu wake ameketi kwenye kanga, ametia vidole vyote vinne kinywani. Hapo ndipo hatari ilipo zaidi kuliko kwenye moshi anaoulalamikia bibi yake, maana mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, kiwango kikubwa kuliko cha mtu mzima, na mwili wake huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaipeleka kwenye ubongo unaokua na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Namweleza aoshe mikono ya mtoto kabla ya kula na aoshe mchicha vizuri, ingawa maji huondoa vumbi la juu ya jani tu, si kile ambacho mzizi umekwisha kukivuta.

Kuanzia saa 4 niko maabara. Sampuli zilizokwisha kukauka nazichekecha, napima nusu gramu ya kila moja, kisha nazichemsha katika asidi ya naitriki ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Kazi hii haina haraka. Anayeikimbiza huharibu sampuli au hujiunguza. Saa 7 nakula, baada ya kunawa hadi viwiko.

Saa 8 mchana mashine inawashwa, nayo hutambua risasi kwa mwanga inaoufyonza kwenye mawimbi ya nanomita 283.3. Natanguliza sampuli tupu, isiyo na udongo, kwa sababu ikisoma risasi basi uchafu umetoka kwetu wenyewe na kila kitu hurudiwa. Leo imetulia. Kama ilivyozoeleka, risasi hupungua kadiri sampuli inavyotoka mbali na lami. Karibu na vituo vya daladala naona pia zinki, ambayo huchakaa kutoka kwenye matairi, na shaba ya breki. Wanaodhani magari ya umeme yatamaliza tatizo hili wakumbuke kwamba nayo yana matairi.

Saa 10 jioni daktari wa zahanati ya jirani ananipigia kuuliza kama mtoto mwenye upungufu wa damu apimwe risasi. Namwambia apimwe, kwa kuwa risasi huzuia utengenezaji wa damu, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma huifyonza zaidi. Namsihi kidole kioshwe kwa sabuni kabla ya kutobolewa, la sivyo tutapima vumbi la mtaani badala ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kiwango hicho kikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa zipo kwa sumu kali, lakini hazirudishi akili iliyokwisha kudhurika.

Saa 11 namalizia ripoti ya shule iliyopakana na barabara. Nimependekeza kwamba uwanja wa kuchezea ufunikwe kwa udongo safi na kupandwa nyasi, na kwamba bomba la kunawia mikono liwekwe mlangoni mwa madarasa ya awali, kabla halijafikiriwa lingine lolote.